Maporomoko Hayakuganda

Baba,

Nakuandikia nikiwa chumbani kwangu, hapa hapa nyumbani kwetu Rashidiya, Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Mama amelala. Jana nimerudi kutoka Georgia, kule milimani ulikonipeleka. Safari hii nilikwenda peke yangu na kamera yako. Najua ungetaka habari za barafu kabla ya habari nyengine yoyote, basi nakupa mwanzo: haikuwapo.

Tangu uondoke ni mwaka na miezi miwili. Mama amemaliza eda lakini hatoki. Jaketi lako nene la kazini, ulilolivaa miaka ishirini na saba ndani ya ghala la baridi kule Freezone, eneo la maghala ya bandari, alilitoa sadaka nikiwa kazini hotelini. Niliporudi nikakuta msumari mtupu ukutani. AC ya sebuleni haiwashi tena, hata Agosti, joto la jangwa linapokuwa kali kuliko lote. Tunakaa tukitoka jasho, sisi wawili. Anasema baridi imeshachukua ilichokitaka katika nyumba hii. Anaamini safari ile ndiyo iliyokuua, na ni mimi niliyekata tiketi.

Watu walikucheka ulipostaafu. Mtu aliyetoka kwenye baridi kila siku ya maisha yake, sasa anaifuata kwao. Hawakujua ulivyokuwa ukipiga picha ukungu wa barafu kwenye mabomba ya ghala kwa simu, kisha unakuja kunionesha jikoni, umeinamisha kichwa kama mtu anayeonesha picha ya mjukuu. "Hii ya mashine, mwanangu," ulikuwa ukiniambia. "Nataka kuiona ya Mungu."

Ukaiona. Asubuhi ile ya kwanza ulisimama nje ya mlango wa nyumba ya wageni bila ya kutikisika, hata nikadhani unaumwa. Ukaniambia, "Nani amekwambia theluji ni nyeupe? Tazama kivuli cha uzio ule." Nikatazama. Kilikuwa buluu, Baba, buluu ile ya kutia kwenye nguo nyeupe, uliyokuwa ukimkumbusha Mama asiizidishe kwenye kanzu zako. Na juu, jua lilipogusa mlima, theluji ilikuwa na rangi ya ndani ya komamanga. Nimeishi miaka thelathini na nne na sikujua kwamba nyeupe ina vyote hivyo ndani yake.

Ulinifundisha kwamba kamera huiogopa theluji. Ikiuona mwangaza ule wote huufifiza, picha ikatoka kijivu. "Ongeza mwanga. Usiisikilize." Ukanifundisha pia kwamba betri hufa kwa baridi. Ya akiba ukaiweka kwapani, chini ya sweta tatu, na kila ilipohitajika ukaitoa ina joto kama yai lililotoka chini ya kuku.

Siku ya tatu Levan, dereva wetu, alitupeleka kwenye maporomoko ya maji yaliyoganda. Gari iliishia chini, tukapanda kwa miguu. Ulisimama mara mbili njiani, nikadhani unatafuta picha. Mara ya tatu ulikaa kwenye jiwe, mkono umeutia ndani ya koti. Nilidhani unatoa betri. Nilisimama pale nikingoja betri, Baba.

Uso wako ulikuwa kama majivu. Ukasema, "Kifua kimebana kidogo. Urefu wa mlima tu huu." Nikakwambia turudi, tukatafute daktari. Ukasema, "Rukia, tumeshafika. Yalla, twende, nipe mkono."

Nikakupa mkono.

Kule juu ulisahau kila kitu. Maji yalikuwa yamesimama hewani, nguzo kwa nguzo, kijani kama chupa. Uliweka sikio kwenye barafu ukanambia, "Ndani yanakwenda." Ulipiga picha saa nzima. Ni picha nzuri kuliko zote ulizowahi kupiga, na hakuna mtu niliyemuonesha. Tulipokuwa tunashuka ukasema, "Mama yako usimwambie habari ya kifua, hataniachia tena kutoka." Ukacheka. Nikacheka na mimi.

Wiki ya tatu baada ya kurudi ulianguka ukitia udhu wa Alasiri. Hospitali daktari alitoka kutuuliza kama uliwahi kulalamika kifua siku za karibuni. Mama alikuwa ubavuni kwangu, amenishika mkono. Nikasema, "Hapana."

Ulikuwa hai bado, Baba, chumba cha pili. Uliishi siku mbili tena. Sijui kama jibu jengine lingebadilisha kitu. Sijamuuliza mtu yeyote, kwa sababu anaweza kunijibu.

Kwa hiyo nilikwenda tena kule. Ulikuwa ukisema tungefika pale asubuhi mapema, jua linapoingia, tungeiona barafu ikiwaka. Nilitaka kuipiga picha hiyo, nimletee Mama, nimwambie: hiki ndicho alichokiona, ndiyo maana hakurudi nyuma. Kisha nimweleze yaliyobaki. Niliona kwamba nikiwa na kitu kizuri mkononi nitaweza.

Levan alinipokea uwanja wa ndege. Alitazama nyuma yangu akikutafuta. Nilipotikisa kichwa akavua kofia yake, akachukua begi langu, tukaingia garini. Tulipoanza kupanda milima ndipo akaniambia, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, kwamba mwaka huu baridi haikuja. Maporomoko hayakuganda.

Nilikwenda hata hivyo. Njia ilikuwa tope. Mwamba mweusi, maji yanaanguka kwa kelele, chupa mbili za plastiki zimekwama chini. Jua liliingia kama ulivyosema, likakuta hakuna cha kuwasha. Nilipiga picha moja. Ikatoka kijivu, na sikujua kama ni kamera imeogopa au ndivyo palivyokuwa. Sikuirudia. Nilikuwa nimejiandaa kulia, na kilio hakikuja. Nilisikia miguu imelowa tu.

Mama alinifungulia mlango jana. Akaniuliza, "Umeipata?" Ni mara ya kwanza kuuliza chochote kuhusu kule. Nikamjibu, "Haikuganda, Mama." Akasema, "Alhamdulillahi," akavichukua viatu vyangu, akaenda navyo barazani. Nilimuona ameinama anatoa tope la mlima ule kwa kisu cha jikoni, polepole, mpaka vikawa safi.

Siwezi tena, Baba. Umenipa siri moja nami nikaongeza yangu juu yake, na mwanamke yule anavisafisha viatu vyangu.

Akiamka nitamwambia. Jiwe, kifua, mkono niliokupa, na nililomjibu daktari. Sina picha ya barafu inayowaka ya kumpa pamoja nayo. Sitarajii anisamehe, wala sidhani kwamba nyumba hii itakuwa nyepesi baada ya hapo. Huenda ikawa nzito zaidi, na huenda nikabaki peke yangu ndani yake. Lakini nakuahidi nitamwambia leo, kabla ya Alasiri.

Mungu akuweke penye utulivu, Baba yangu. Namsikia anatia maji kwenye birika.

Nakwenda.

Mwanao,
Rukia