Kompyuta Ndani ya Kompyuta

Jumatatu, 6 Septemba 1999
Nishant, kijana wa Mzee Tarsem mwenye chuo, amerudi Kisii na programu mpya. Maajabu! Mashine ya pembeni sasa ina Linux, halafu ndani ya Linux anawasha Windows — nzima, kwa dirisha lake, kama kompyuta nyingine. Inajikokota, lakini inaenda. Jioni ukiizima, ile ya nje inauliza: mabadiliko ya leo yawekwe au yatupwe? Nishant anasema wanafunzi waharibu wanavyotaka, nikitupa, kesho inaamka mpya. Ila mtu akiwa na kazi yake, niweke.

Mwanafunzi mpya pia. Mokeira. Bibi ya Ochoki — Ochoki wangu, hadi Pasaka hii. Hanijui. Amenisalimia kwa mikono miwili, "Mwalimu, shikamoo," na tuko rika moja! Nimempa mashine ya pembeni.

Jumatano, 8 Septemba
Ameanza kazi yake ya mtihani. Anaandika juu ya mamake anavyouza ndizi sokoni Daraja Mbili. Nzuri, kusema kweli. Alihifadhi vizuri kabisa, nilikuwa nyuma yake. Akaenda. Nikazima. Swali likaja.

Nimetupa.

Alhamisi, 9 Septemba
"Mwalimu, kazi yangu haiko."
"Hukusevu."
"Nilisevu, mwalimu. Mara mbili."
Nikamwambia kwa sauti, darasa lote lisikie, kwamba kompyuta haina haja ya kumdanganya mtu wa kijijini Gesima. Wakacheka. Na yeye akacheka, maskini. Akaanza upya.

Jumanne, 14 Septemba
Tena. Sasa ameandika hatua za kuhifadhi kwa mkono wake, kwa biro, kutoka kiganja hadi kwa kiwiko. Amenunua diski. Nimemwambia mashine hiyo haisomi diski. Nishant ameuliza kwa nini yule msichana analia. Nimesema vichwa vingine ni vigumu.

Nililala vizuri.

Ijumaa, 17 Septemba
Ochoki alikuja kumchukua! Shati jeupe, viatu vinang'aa. Akasikia kazi imepotea tena. Akasimama katikati ya darasa: "Si nilikuambia? Kichwa yako ni ya kuchuma majani chai tu." Watu wakaangua kicheko. Mimi pia — mimi nilicheka kuwashinda. Akanitazama. "Vale. Kumbe bado uko hapa." Vale! Hakuna mwingine ananiita hivyo.

Mokeira alimtazama yeye, halafu mimi.

Jua limetua, Sabato imeingia na sijaweza kuomba. Furaha tu.

Jumanne, 21 Septemba
Amekuja na kitambaa kimeshuka hadi kwa nyusi, na jua lote hili. Eti amegonga mlango. Vidole vya mkono wa kushoto havikunjiki, anapiga chapa kwa mkono mmoja. Mtahini anakuja Ijumaa. Ameninong'onezea kwamba akianguka, bwana yake atamrudisha Gesima kwa mama mkwe, na hatatoka huko tena.

Nimemwambia akaze.

Jioni nimetupa. Sijui kwa nini. Uongo. Najua.

Alhamisi, 23 Septemba
Niko chooni, daftari kwa goti. Nimefunga mlango.

Saa nane Nishant alisimama kwa mashine ya pembeni kujivunia. Akamweleza Mokeira yote: kompyuta ndani ya kompyuta, na swali la jioni. Mokeira akauliza ni nani hulijibu. "Valentine," Nishant akasema, na tabasamu lake. "Kila siku, yeye mwenyewe." Akaenda zake.

Nilingoja apige kelele. Hakupiga. Aliandika upya yote, ndizi, mamake, soko, bila kuangalia popote, hadi wengine wakaondoka. Nikasema nafunga. Hakuinuka.

"Valentine," akasema. Si mwalimu. "Wewe alikuwa anakupiga wapi?"

Pole pole hivyo. Bila hasira — afadhali angenitukana!

Nikamjibu. Kitambaa kilikuwa kimepanda, nikamtazama hata kile kidonda juu ya jicho na nikamjibu: "Mimi hakunipiga. Mimi alinipenda."

Alifunga kitambaa chake vizuri, akaweka mikono kwa mapaja. Nikachukua mkoba nikakimbilia huku.

Sikio langu la kushoto halijasikia vizuri tangu Pasaka. Sijawahi kuliandika hilo, hata hapa.

Mashine bado inawaka. Sijaizima. Ninasikia viatu vya Ochoki vinapanda ngazi. Anamwita Mokeira, ajibu wapi. Sasa ananiita mimi — "Vale? Vale, uko?" — kwa ile sauti tamu, na miguu yangu, Mungu wangu, miguu yangu imesimama yenyewe na