Dawa zangu mezani

Mwenzangu, niko jikoni, bado nahema kwa hasira.

Mama mkwe kapekua mkoba wangu! Katoka na vidonge vyangu vya pumu ya ngozi, kavibwaga mezani mbele ya mume wangu. Kisa, boksi lina picha ya mjamzito aliyepigwa mstari.

"Kumbe unawazuia wajukuu wangu!"

Wajukuu gani? Hata mimba sina!

Nikamwambia, "Mama, dawa za kupaka zote zimeshindwa. Mikono imejaa magamba, nilikuwa natembea kwa vidole, visigino vimepasuka. Daktari kasema nisishike mimba mpaka nimalize vidonge hivi, vinamdhuru mtoto."

"Mikono mibovu haijamuua mtu. Acha vidonge, uzae."

Haijamuua mtu! Yeye huyo huyo aliyekuwa anakuja kwangu na chakula chake kwenye bakuli, eti hali kilichoshikwa na magamba!

Mume wangu kakodolea zulia macho.

Nikachukua kidonge cha leo, nikakimeza mbele ya mama mkwe, nikashushia na chai yake mwenyewe.

"Mama, mikono hii uliikataa isikupikie. Leo unataka ikulelee mjukuu? Basi subiri ipone."