Majoka ya Samina

Thornhill, Toronto
Jumatano

Kwa mwenzangu Mwalimu Mwanakombo,

Assalaam alaykum. Natumai goti lako limetulia na darasa la tano halijakumaliza. Sisi huku tu wazima. Mimi nina kikohozi cha baridi, na mwanangu Salman ananenepa kwa kushinda ndani ya gari.

Uliniuliza kama napumzika. Nipumzike vipi, miaka thelathini na moja nimefundisha Kiingereza hapo Tanga, halafu naletwa kwenye nyumba ambako kinafundishwa kwa majoka? Mkwe wangu Samina amemtoa shule mjukuu wangu Kawthar, mwenye miaka tisa, anamsomesha mwenyewe. Kila Jumanne yeye na akina mama wengine wanne hukusanya watoto wao katika chumba cha jumuiya yetu ya Waislamu. Wote wana digrii, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama mbele ya wanafunzi sitini. Sarufi hakuna. Kuna mfalme asiye na nchi, panga zinazosema, na joka lenye huzuni. Watoto huulizwa joka linajisikiaje. Mimi na wewe tuliuliza kitenzi kiko wapi.

Ati hivyo ndivyo mtoto anavyopenda kusoma. Ni kweli Kawthar shuleni alikuwa hafungui kitabu bila kulia, na sasa anasoma akila, anasoma akivaa soksi, anaandika hadithi za kurasa nane. Nilizisahihisha kwa kalamu nyekundu. Samina akaniomba kwa adabu nitumie rangi nyingine, nisimvunje mtoto moyo. Adabu yake ndiyo iliyoniudhi. Nikamwambia mchelea mwana kulia hulia yeye. Akatabasamu, akaniwekea chai.

Mwezi uliopita aliwapa zoezi la kutenga viumbe vilivyopo na vya kubuni: joka, nguva nusu mtu nusu samaki, zimwi, jini. Mwislamu mzima, jini kamweka ubavuni mwa nguva. Kawthar alimwandika jini upande wa vilivyopo, kwa kuwa ametajwa katika Qur'ani. Mtoto wa Parveen, mmoja wa wale mama wanne, akamwandika upande wa pili, wakabishana.

Siku nne baadaye kamati ya jumuiya ikapata barua isiyo na jina, ikidai Samina anafundisha watoto kwamba majini ni hekaya. Chumba kikafungwa mpaka jambo lichunguzwe. Wale wenye digrii wakatawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Parveen, aliyekuwa akimwita Samina dada, hapokei hata simu yake. Salman amesema basi, kamati isipomsafisha Samina, Kawthar atarudi shule. Mtoto ameanza kuumwa tumbo kila asubuhi.

Sasa nikwambie nisilomwambia mtu. Barua ile niliiandika mimi, na nilijua ni uongo. Siku ile nilikuwa nimekaa nyuma ya chumba, nikamsikia Samina kwa masikio yangu akiwaambia watoto kwamba Kawthar amepatia, jini si wa kubuni, na alimtia katika orodha makusudi ili aone kama wako macho. Lilikuwa swali la mtego, na zuri. Lingekuwa langu ningelitambia chumba kizima cha walimu.

Ngoja, hujasikia lililo baya zaidi. Jana Samina alinijia na nakala aliyopewa na kamati, akaniomba nimsaidie kuijibu, maana Kiingereza cha barua hiyo ni kizito na nyumbani humu anayekiweza ni mama. Nikakaa, nikajijibu. Nilimchambua mwandishi yule sentensi kwa sentensi, nikamwita mwoga anayewaonea watoto. Sijawahi kuandika vizuri hivyo. Samina alinibusu mkono.

Kawthar alizisoma zote mbili, akaniuliza mbona zinaanza kwa maneno yaleyale. Nikamwambia sisi tuliosomeshwa zamani wote tunaandika hivyo. Aliniamini, akarudi kwenye kitabu chake.

Kamati inakaa Jumapili. Nikisema ukweli, sijui kama Salman ataniweka tena nyumbani mwake. Samina ameniomba niisome mimi ile barua ya pili mbele yao, kwa kuwa matamshi yangu ni mazuri. Nitakapofika kwenye neno mwoga, sijui sauti itatoka wapi.

Wasalimie wote chumba cha walimu. Wanaonisifu mbele ya wanafunzi, waambie waache. Mungu akuhifadhi na akupe nafuu ya goti.

Mwenzako,
Zebunissa