Kwa Mama Mkwe Wangu, Aliyefungua Madirisha ya Timau

Kwako Mama Mutwiri, uliyenizalia mume kisha ukanilea na mimi,

Siku ya kwanza Mutwiri aliponileta kwako kutoka Kanja, hukunitazama usoni. Ulinitazama miguu. Nilikuwa nimevaa viatu vya wazi, vile vya kwendea kanisani kwetu Embu, na vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi ya Timau. Ukamgeukia mwanao ukamwambia kwa Kimeru, ukidhani sielewi, "Mtoto wa watu umemleta huku bila soksi, unataka afe?" Kiembu na Kimeru ni ndugu, Mama. Nilielewa kila neno. Nilikasirika, nikavaa soksi ulizonipa, na hasira ikazidi kwa sababu zilikuwa na joto kweli.

Miaka ile sikukupenda sana. Leo naweza kulisema hilo bila kuogopa, maana najua ulilijua. Mutwiri alikuwa akiendesha trekta kwenye mashamba ya ngano, mimi nikifunga maua ya waridi kwenye shamba la maua, na tulikuwa tumepanga chumba kimoja cha mbao karibu na kazi. Wewe uliishi kwako juu, kwenye viazi vyako na kondoo wako watatu. Lakini kila wiki ulishuka na ule mkoba wa bluu wa wahudumu wa afya ya jamii begani, ukipita mlango hadi mlango. Nani ana mimba na hajaenda kliniki? Mtoto wa nani amekosa chanjo? Mzee gani ameacha dawa za presha? Hakuna aliyekulipa mshahara kwa kazi hiyo, na mimi sikuelewa kwa nini mtu aache viazi vyake aende kuuliza habari za matumbo ya watu. Nilimwambia Mutwiri, "Mama yako anajua ugonjwa wa kila mtu hapa." Akacheka. "Na wako ataujua," akasema.

Nilipomzaa Karimi, tukampa jina lako kama desturi inavyotaka, ulikuja ukakaa nasi siku nne. Ulipokuwa ukiondoka ulinishika mkono mlangoni. "Wawira, jiko la makaa lisiingie ndani. Hata kukiwa na baridi namna gani. Vaa sweta mbili, mfunge mtoto kifuani, lakini jiko libaki nje."

Nikasema ndiyo, Mama. Moyoni nikasema, huyu mama ana maneno mengi. Kwetu Kanja tulipikia kuni, na nilijua moshi ni adui. Lakini makaa yaliyoshika vizuri hayana moshi. Yanang'aa tu, mekundu, mazuri. Kitu kisichoonekana wala kunuka kingeniuaje?

Ilikuwa Julai. Mutwiri alikuwa ameshatoka kwenda kazini, na nje umande ulikuwa umeganda mweupe kwenye nyasi. Nilitaka kumwogesha mtoto. Nikaingiza jiko, nikafunga komeo, nikaziba upenyo wa dirisha kwa gunia ili upepo usituguse. Nilimwogesha, nikampaka mafuta, nikalala naye kitandani anyonye. Kichwa kikaanza kuniuma. Nikadhani ni uchovu wa uzazi. Nikataka kuinuka ninywe maji, miguu ikakataa. Nakumbuka niliwaza, ngoja nipumzike kidogo. Sikumbuki kitu kingine.

Yaliyofuata niliambiwa na jirani. Kwamba ulibisha, ukaita, hukujibiwa. Kwamba uliliona gunia dirishani. Kwamba hukuita mtu mwingine wala hukungoja. Ulichukua jembe lililokuwa ukutani ukavunja lile dirisha la mbao, ukaingiza mkono kwenye vibanzi, ukafungua komeo. Ulimtoa mtoto kwanza, kisha ukanivuta mimi kwa makwapa, wewe na mgongo wako mbovu, hadi kwenye nyasi.

Nilizinduka nikiwa nimelowa umande na sauti yako ikiwa juu yangu. Hukuwa ukisema na mimi. Ulikuwa umempigia magoti yule mdogo, damu ikikutoka kwenye mkono, unamwambia, "Lia, mama. Lia tena. Lia sana." Na Karimi akalia. Sijawahi kusikia kitu kitamu kama kilio kile.

Tulipelekwa hospitalini kwa pikapu ya maziwa, wewe nyuma kati ya mitungi, umemfunika mtoto kwa koti lako. Tuliwekewa hewa. Muuguzi akauliza nani mjinga aliyeweka jiko ndani na mtoto mchanga. Nilifumba macho nikingoja uniaibishe, kwa kuwa ulikuwa na haki. Ukasema, "Ni baridi ya kwetu, sista. Ingekuwa ni ujinga, yangewapata wachache tu." Siku ya tatu, tulipokuwa tunaruhusiwa kwenda nyumbani, ulinitazama ukasema, "Ukipata nguvu utatembea na mimi." Halikuwa ombi.

Nilitembea na wewe miaka saba, Mama, na sijasoma shule iliyonifundisha zaidi. Nilipoanza nilitaka kuhubiri. Nyumba ya kwanza niliingia nikisema jiko, jiko, jiko, na yule mwanamke akatuambia ana haraka. Njiani ukaniambia, "Ukianza na jiko watakufungia mlango. Anza na watoto wao. Anza na viazi. Jiko litakuja lenyewe." Na kweli ulikuwa ukiketi, ukivuta sufuria ya maharagwe, unayachagua pamoja na mwenye nyumba huku ukiuliza habari za mvua. Baada ya muda ungesema, kama uliyekumbuka tu, "Na asubuhi huwa mnaumwa na kichwa?" Mara nyingi mtu angeweka maharagwe chini. "Umejuaje?" Hapo ndipo ulipomwonyesha: pika nje, ukishindwa basi mlango na dirisha viwe wazi, na usilale kamwe na makaa ndani, hata kama yanaonekana yamekufa. Mtu akizidiwa, mtoe nje kwenye hewa safi kwanza, maswali baadaye, kisha hospitali.

Watu wote walikusikia isipokuwa mmoja. Ploti ya Mzee Gitonga ilikuwa na vyumba kumi na viwili vya mabati, vimejaa wafanyakazi wa maua, na madirisha yote alikuwa ameyapigilia misumari kwa sababu ya wezi. Ulimwendea kila Jumanne. Alikukaribisha kwa heshima, akakupa chai, akakataa. Nilikuwepo siku aliyokuambia, "Mama Mutwiri, mimi nakodisha nyumba. Sikodishi upepo." Nilitaka kumrudishia chai yake usoni. Wewe ulikunywa ukamaliza, ukaweka kikombe. "Haya basi, Mzee. Tuonane Jumanne."

Ukaugua. Ugonjwa ule haukukupa muda. Tulikuzika kwako juu, viazi vikiwa vimetoa maua, na madirisha ya Gitonga yalikuwa bado na misumari.

Baada ya mazishi wahudumu wenzako walikaa kutafuta nani atachukua eneo lako. Mtu mmoja akanitaja. Mwingine, simtaji, akasema mimi ni Mwembu, nimekuja juzi, nitawaambia nini watu wa hapa. Hakuwa na ubaya. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiwaza hivyo hivyo. Lakini kulikuwa na kitu nilichokuwa nimekificha miaka yote saba. Katika nyumba zote tulizoingia, sikuwahi kusimulia habari yangu. Ulijua naona aibu, na hukunilazimisha hata siku moja.

Wiki hiyo hiyo kulikuwa na baraza la chifu. Nilisimama. Nikasema, "Mimi ndiye niliyeweka jiko ndani na mtoto wa wiki mbili, baada ya kukatazwa." Nikasimulia yote, hata soksi, hata gunia, hata ulivyosema lia sana. Nikasema mtoto huyo sasa ana miaka saba na anabishana na mwalimu wake wa hesabu. Watu wakacheka. Nilipokaa, yule aliyeniita Mwembu alinisogezea nafasi kwenye benchi. Mzee Gitonga alikuwa safu ya mbele. Alivaa kofia yake akaenda.

Sikumwendea peke yangu. Niliwaendea wapangaji wake kwanza, nikachagua nao maharagwe. Kuna dada mmoja anaitwa Kinya, yuko kwenye kufunga maua kama nilivyokuwa mimi, mdomo wake hauna breki. Akasema, "Kwani tunangoja nini? Tung'oe hiyo misumari sisi wenyewe." Nikamwambia hapana. Ukuta ni wa mwenyewe, na tukiuvunja tutakuwa tumempa sababu. Tuende kwake wote.

Jumanne ikafika. Tulikuwa kumi na mmoja, Mutwiri akiwemo, wengi wametoka kazini moja kwa moja na gambuti zao zina matope. Gitonga alitoka akasimama barazani, akatuhesabu kwa macho.

"Mmekuja kupigana?"

"Hapana, Mzee," nikasema. "Tumekuja kuomba nyundo."

Kinya nyuma yangu alikuwa anapumua kama ng'ombe aliyefungwa. Mzee akageuka akatazama vyumba vyake. Kisha akauliza, "Na wezi?" Hilo ndilo lililokuwa likimla, Mama. Kumbe hakuwa na roho mbaya. Aliwahi kuibiwa vibaya, vyumba vitatu kwa siku moja, na wapangaji wakamlaumu yeye. Miaka yote ile ya chai hakuwahi kukuambia, na mimi sikuwahi kumuuliza kwa sababu nilikuwa nimeshamhukumu. Mutwiri akamwambia kuna fundi wa kuchomelea anayemfahamu, atatia vyuma kwenye kila dirisha, dirisha lifunguke na mwizi asipite.

Mzee akaingia ndani. Tukasikia vitu vikianguka, anatafuta. Akarudi na nyundo, lakini hakutupatia. Alitembea nayo mwenyewe hadi chumba cha kwanza. Kabla ya kung'oa msumari akaniuliza, bila kunitazama, "Huyo mtoto uliyemtaja kwenye baraza la chifu, anaitwa nani?"

"Karimi."

"Jina la mama yako mkwe."

"Ndiyo, Mzee."

Akaanza kung'oa. Alipofika chumba cha nne Mutwiri akamwomba nyundo, akamwachia.

Sasa nisikilize, maana hiki ndicho kilichonifanya nichukue kalamu. Wiki iliyopita, mchana wa mvua, nilikuwa shambani kwako navuna viazi nilipopigiwa simu kwamba kuna mtu ameanguka kwenye ploti ya Gitonga. Ni bawabu mmoja mgeni, ana siku chache tu pale, halala usiku kwa sababu ya kazi. Alirudi amelowa, akaingiza jiko akaushe nguo, akafunga kila kitu akalala. Nilikimbia, Mama. Niliteremka ule mteremko wote na matope yangu, mkoba wa bluu niliourithi kwako ukinipiga mbavuni, nikisali na kupanga: nitavunja wapi, nitamshika vipi, gari nitamwomba nani.

Nilifika nikakuta kazi imekwisha.

Kinya alikuwa amebisha amrudishie ndoo, akaona kimya si cha usingizi. Hakupiga kelele. Alifungua dirisha kwa nje, akaingiza mkono kati ya vyuma, akafungua komeo la mlango. Wanawake wawili walimtoa. Mmoja alimlaza ubavu, mwingine alitoa jiko. Gitonga mwenyewe alikuwa ameshaleta gari lake na walikuwa njiani kwenda hospitali. Waliobaki walikuwa wamesimama uani kwenye manyunyu, na mama mmoja ambaye hata jina lake sikulijua alikuwa akiwaeleza watoto ni kwa nini makaa yasiyo na moshi ndiyo ya kuogopwa. Alieleza vizuri kuliko mimi.

Kinya akaniona nimeinama nimeshika magoti. "Wawira, keti kwanza, utaanguka na wewe tupate kazi mbili." Akaniletea maji. Nikaketi kwenye ngazi, nikalia, na sikuwa na huzuni hata kidogo. Bawabu ni mzima. Amerudi kazini, na jiko lake linakaa nje.

Nilipozinduka kwenye nyasi zile nilikuwa na wewe tu. Yule bawabu alikuwa na watu wa ua mzima. Nilitaka kumwambia mtu jambo hilo, nikazunguka nyumba nikimtafuta wa kumwambia, nikagundua nakutafuta wewe.

Sikuwahi kukushukuru kwa mdomo. Kati ya mkaza mwana na mama mkwe maneno mengine hubaki kooni, unapika chai vizuri zaidi ukidhani ameelewa. Basi asante, Mama. Asante kwa mtoto, kwa uhai, kwa subira yako na mimi nilipokuwa nakuchukia na soksi zako miguuni.

Kondoo wako wamezaa. Mutwiri anakukumbuka zaidi Jumapili, hasemi lakini anakaa kwenye kiti chako. Mimi ni mzima na sina wasiwasi. Eneo letu limeongezwa, tumepewa na ploti mpya zilizojengwa ng'ambo ya shamba la ngano. Hatuwajui wenyewe, na tumeambiwa mmoja wao ana mbwa wakali. Kinya amejiunga na sisi, ameshapata mkoba. Tunaanza kesho asubuhi. Tutabisha hodi.

Lala salama kwenye udongo wako, mama wa wengi.

Ni mimi, mke wa mwanao na binti yako,

Wawira