Mistari Tisa Yapita Getini

Alhamisi. Baridi ya Julai. Jua lilichungulia Upper Hill saa sita, likaona hakuna la maana, likarudi zake.

Wananchi wenzangu, kutoka sebule hii ya Jamhuri natangaza rasmi: leo, chini ya uongozi wangu shupavu, programu ya mistari tisa imekubaliwa. Bendera zipepee.

"Na hiyo mistari tisa inafanya nini?" mke wangu ameuliza.

Inahesabu data inayopita kwenye mtandao, Mama Brian.

"Tu?"

Tu. Lakini inafanya kazi hiyo ndani kabisa ya kiini cha mfumo wa kompyuta, na getini kuna mkaguzi, naye pia ni programu, mkali kuliko askari wa benki. Akiona mzunguko, yaani amri zinazorudiwa-rudiwa, ambao hajui utaisha lini, anakufukuza. Na programu haifiki kwake kabla ya kutafsiriwa kwa lugha ya mashine na kompaila. Kompaila ziko mbili, na zinashindana. Ile changa, mwenzangu Achieng ameifundisha kazi hii miezi minne. Leo ilikuwa ipite au iondolewe kwenye orodha ya zinazotegemewa.

Miezi minne ya mtu. Sikupenda kumwangalia usoni.

Mimi ni katibu wa mikutano ya kambi mbili zinazotengeneza kompaila hizo, yetu na ile nyingine. Desturi nimeitoa kwenye chama chetu cha mtaa: hakuna ajenda kabla kumbukumbu hazijasomwa, mmoja apendekeze, mwingine aunge mkono. Wazungu wa mikutano hiyo walicheka mwanzoni. Siku hizi wanagombania kuunga mkono.

Basi leo, kwa haraka ya mambo makubwa, niliruka kumbukumbu.

Sasa niseme ukweli, maana shajara haidanganywi.

Jaribio letu, ile mistari tisa, lilipotoka kwa kompaila ya Achieng lilikataliwa na mkaguzi. Tomas wa kambi ile nyingine akasema kompaila yetu inavuruga mzunguko. Mimi nikanguruma kama mgeni rasmi wa harambee: ninyi mmebadilisha masharti!

Tomas akasema taratibu, "Katibu, tusomee kumbukumbu."

Nikasoma. Kipengele cha nne: kambi zote zimekubaliana jaribio litaje wazi mwisho wa mzunguko, ili mkaguzi auone kompaila iwe yoyote ile. Kompaila yao ilikuwa ikibahatika kupita bila hilo. Mhusika wa kurekebisha jaribio...

Nikakohoa.

"Mzee!" Achieng akapasuka kwa kicheko. "Kumbe ni wewe!"

Ni mimi. Wiki tatu nimeukalia. Mstari mmoja.

Niliurekebisha wote wakinitazama. Tukajaribu kwa kompaila yao: imepita. Kwa ya Achieng: imepita. Akafunika uso kwa mikono miwili, na mabega yakawa yanatikisika. Hakuwa akicheka tena.

Baadaye alinipeleka Hurlingham kula chapati na maharagwe ya madondo, mimi mkosaji, akalipa yeye.

Kumbukumbu za leo niliziandika na kuzisoma kabla ya kufunga mkutano, bila kujificha: "Aliyechelewesha kazi: katibu." Tomas akapendekeza zikubaliwe. Achieng akaunga mkono kabla sijamaliza kusoma.