Jina la Nyangeta Halitoki

Baba,

Mtoto kanilalia kifuani, naandika na mkono mmoja. Mwandiko utausamehe.

Jana wana wa Mzee Wambura, ndugu zake Marwa, walikuja hapa Kamunyonge. "Dada, toa tu jina la yule mwanamke kwenye kitabu cha mzee wetu, kitoke, yaishe." Nikasema hapana. Mmoja akapiga teke sufuria ya uji, ukaniunguza mguu. Nikamtandika mwiko wa ugali mpaka ukamvunjikia kichwani. Majirani ndio walituachanisha. Najua ungenigombeza.

Lakini wewe ndiye ulikuwaga unasema mtu haandikwi nusu. Ulilelewa na Wamormoni, ukafundishwa kila mfu ana jina na lazima litafutwe. Kanisani uliacha kwenda, hilo hukuliacha. Ukalifanya kazi, kuandika maisha ya watu. Na pombe, waliyokukataza, hukuonja hadi mwisho. Siku ile Butiama, kwa Mzee Wambura, ulipewa kibuyu ukaomba maji. Wanawe wakanong'ona, "Anatudharau huyu."

Ukamsomea maisha yake uani, mbele ya familia, kama ulivyomsomea kila mtu kabla ya kuchapa. Kwenye zile ng'ombe alizoiba ujanani walipiga vigelegele. Ukafika kwenye habari ya Nyangeta, yule mwanamke wa Guta, kule Bunda, aliyeng'ang'ania kamba ya ndama wake, Mzee akamkata shingo. Hapo uani Mzee akainama. "Ni kweli. Soma."

Mwanawe Marwa hakungoja. Panga la kwanza bega, la pili shingo. Damu yako ilinirukia usoni, na mtoto mgongoni kwangu akacheka, akidhani tunacheza. Kicheko kile, Baba...

Sasa Marwa yuko mahabusu Musoma, na mimi nimeanza kuandika maisha yako. Nimekwama pale pale uani. Maana ulipoanguka alitupa panga, akavua shati, akakufunga shingo huku analia, "Mzee, usife! Usife!" Sitaki kuliandika hilo. Nataka abaki panga tu. Nalikata, nikilala linarudi.

Mchapaji wa Mukendo ameshachukua kitabu cha Mzee Wambura. Nyangeta yumo, jina lake lote.

Pumzika, Baba. Mtoto anaamka, ananitafuta ziwa. Kitabu chako nitakimaliza mimi, nusu sikuandiki. Na lile shati, nakuahidi, litakuwemo.

Binti yako.