Volti Alizopunguza Zawadi

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Kibaha. Tarehe 20/06/2025, saa 3:40 asubuhi.
Jina: Swaumu binti Pazi. Umri: miaka 73 kwa kukadiria. Elimu: hakusoma. Kazi: mkulima. Makazi: Mzenga, Kisarawe, kwa sasa yupo Maili Moja kwa mjukuu wake.

Kabla ya yote iandikwe kwamba Koplo Mfaume, anayeandika haya, ni mtoto wa kwetu Mzenga, na tangu arobaini ya bibi yake hajakanyaga kule. Miaka miwili. Ameniamkia shikamoo hapa kaunta kama vile tulionana jana. Nimeitikia marahaba, lakini sijasamehe. Sasa naeleza.

Zawadi Maulidi, aliye mahabusu tangu jana jioni, ni mjukuu wangu. Nimemlea mimi. Ni fundi kompyuta, ana kibanda Maili Moja, na mimi hukaa naye humo nikisuka ukili wa mikeka. Anatuhumiwa kuiba prosesa ya Hemedi, yaani ubongo wa kompyuta, na kuweka nyingine dhaifu. Si kweli. Nilikuwepo mwanzo hadi mwisho.

Mnamo tarehe 17/06/2025, Jumanne, majira ya saa 4 asubuhi, Hemedi, mpiga video za harusi, alileta kompyuta yake ya mezani. Alisema inachemka na kujizima kila anapotengeneza video. Ilipowashwa ilinguruma kama mashine ya kusaga. Akajisifu, "Bibi, sikia nguvu hiyo." Nikamwambia, "Mgonjwa wa pumu naye anasikika."

Alituonyesha skrubu nne za kasha. Alikuwa amezipaka rangi ya kucha ya mkewe Rahma, ya zambarau, ili zikifunguliwa ajue. Alisema, "Mafundi wa siku hizi mnakula vifaa." Mimi niliinama nikaangalia. Amepaka vibaya, imechuruzika hadi kwenye bati, na skrubu ya chini kushoto imenasa unywele wa paka. Nikamwuliza Hemedi kama paka naye ni shahidi. Alicheka.

Zawadi hakugusa skrubu hata moja. Aliiwasha huku akibonyeza kitufe, ukatokea ukurasa wa mipangilio. Alinieleza, maana huwa namwuliza, kwamba prosesa inapewa volti nyingi kuliko inavyohitaji, na zinazozidi zinageuka joto. Nikamwambia hayo nayajua, ni wali ulioachiwa makaa mengi. Akasema, "Ndiyo, bibi. Tunapunguza makaa, sufuria ni ileile."

Alipunguza kidogo, akajaribu video. Akapunguza tena, akajaribu. Mara ya nne kompyuta ikaganda. Hakubabaika. Akarudisha hatua moja, akaandika namba kwenye daftari lake. Kisha akaiacha itengeneze video toka adhana ya adhuhuri hadi ya alasiri. Haikuzima, na feni ilipumua kama mtoto aliyeshiba. Mimi sijui kusoma, lakini kazi nzuri ikifanyika naiona. Sikumsifu, nikaendelea kusuka, asije akavimba kichwa.

Hemedi aliichukua saa 11 jioni. Jana tarehe 19, saa 10 jioni, akarudi na askari. Alisema kompyuta haingurumi tena, na fundi mwingine, bila kuifungua, amesoma volti akamwambia ni chache, basi prosesa imebadilishwa. Nikamwuliza, "Video za harusi zimeisha?" Akasema zimeisha, ila ukimya ule unamtia shaka. Skrubu zake mwenyewe hata hakuziangalia.

Zawadi aliniambia, "Bibi, usigombane. Funga kibanda." Alipanda gari la polisi ameshika daftari. Nilifunga. Nilikosa tundu la kufuli mara mbili.

Kompyuta hiyo ipo hapa kaunta. Ubongo hautoki bila kasha kufunguliwa. Naomba iangaliwe skrubu ya chini kushoto.

Niliyoyaona kwa macho yangu ndiyo hayo, na ningeyasema hata kwa mjukuu wa mtu mwingine, ingawa mjukuu wa mtu mwingine asingeiweza kazi ile.

(Dole gumba) Swaumu binti Pazi

Mimi, Koplo Mfaume, nimeandika haya kama alivyosema, nimemsomea, amekubali. Saa 4:25 skrubu zimekaguliwa mbele ya Hemedi. Rangi haijapasuka, unywele upo. Hemedi amekiri ni rangi aliyopaka mwenyewe na ameondoa malalamiko. Zawadi ameachiwa saa 4:50. Shahidi amekataa kuondoka hadi niongeze hili: Jumapili nifike Mzenga nikiwa na njaa, nisivae sare, na nipite kwanza kaburini kwa bibi yangu.